Mikono Nyuma ya Mgongo

Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na saba, na kama kuna neno ambalo mwalimu hawezi kulitamka hata ukimkaba koo, ni neno "sijui". Wengine tunawahimiza walitamke. Ukutani mwa darasa langu kuna karatasi kubwa niliyoiandika kwa mkono wangu, KUULIZA SI UJINGA, na kila mwaka naikoleza wino. Mganga hajigangi. Mwanamke ninayemsimulia hapa alihamishwa kutoka shuleni kwetu kwa sababu watu wazima kumi na wawili, mimi nikiwa mmoja wao, tulishindwa kulisema neno hilo siku lilipohitajika.

Tulimwita Mama Kipanya. Jina walilianzisha wanafunzi, kwa ajili ya kile kidude cha kompyuta kinachokaa kiganjani, na sisi walimu tukalidaka. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mfupi, miguu imevimba kwenye vifundo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi wa viatu. Alikuwa amefundisha kompyuta miaka kumi na tisa katika shule yetu ya madarasa ya kati, la sita hadi la nane. Zamani alikuwa na chumba chake, chenye kapeti na mapazia, na watoto walikuwa wakivua viatu mlangoni.

Kisha ukaja waraka. Kipindi cha kompyuta kimefutwa. Kuanzia muhula ule, ujuzi wa kompyuta ungeingizwa ndani ya masomo yote: hesabu, sayansi, jiografia, Kiswahili, kila kitu. Chumba chake kikawa darasa la ziada. Kompyuta mpakato nane zilizokuwa bado na uhai zikapangwa juu ya toroli kuukuu la maabara, na yeye akaambiwa alisukume kutoka darasa hadi darasa, amsaidie kila mwalimu mpaka ajimudu. Gurudumu moja la toroli lilikuwa linalia, kwa hiyo tulikuwa tukimsikia tangu yuko mwisho wa ukumbi.

Siku ya kikao cha kwanza tulimfanyia jeuri, sina haja ya kuficha. Mwalimu wa hesabu, kijana mwenye shahada na mdomo, aliuliza, "Kwani somo langu lina njaa mpaka lilishwe kompyuta?" Mimi nikaongeza kwamba insha ziliandikwa vizuri tu kabla umeme haujazaliwa. Watu wakacheka. Mama Kipanya hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa anaandika ratiba, na alipomaliza akaniuliza bila kuinua kichwa, "Bwana Insha, nikuweke Jumanne saa tatu au Alhamisi?"

Jumanne alikuja. Nilimwambia wazi kwamba sina muda wa kufundisha kompyuta.

"Hata mimi sijaja kufundisha kompyuta," alisema. "Nimekuja kwenye somo lako. Unataka hawa watoto wafanye nini ambacho hawakiwezi?"

Hilo swali hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia ukweli. Watoto hawarekebishi insha. Mtoto ameweka mwanzo wa kisa mwishoni, ukimwambia aandike upya anakuletea makosa yale yale kwa mwandiko mzuri zaidi.

"Basi tuanzie hapo," alisema.

Akawafundisha jambo moja tu: kuchukua aya nzima, kuiondoa ilipo na kuiweka pengine. Dakika arobaini, jambo moja. Kulikuwa na msichana wa dawati la nyuma ambaye tangu muhula uanze hakuwahi kuvuka alama kumi na moja kwa thelathini. Aliandika juu ya viatu vya bibi yake, na ile aya ya viatu ilikuwa chini kabisa, kama mgeni aliyekosa kiti. Akaipandisha juu. Akasoma. Akasema peke yake, kwa sauti ndogo, "Kumbe ilianzia hapa."

Nimesahihisha maelfu ya insha na sijawahi kumsikia mtoto akisema hivyo. Niliona wivu. Nilimwonea wivu mwanamke yule na toroli lake, na kwa sababu ya wivu sikumshukuru.

Alikuwa na desturi moja ambayo mwanzoni ilinikera. Mtoto akikwama, Mama Kipanya anakuja, anainama, na mikono yake anaifunga nyuma ya mgongo. Hagusi kibodi wala kipanya. Anaonyesha kwa kidevu. "Pale. Siyo pale. Juu yake. Haya." Mtoto anahangaika dakika tatu kwa kitu ambacho yeye angekifanya kwa kufumba na kufumbua. Nilimwambia anapoteza muda wa watu. Akanijibu, "Ukikishika kipanya cha mtoto, umempokonya somo." Nasi walimu tulipokwama alitufanyia vivyo hivyo, tukiwa tumekaa kwenye viti vidogo vya wanafunzi, magoti yamegusa kidevu.

Ningesema uongo kama ningesema hatukufurahi. Mwalimu wa jiografia aliwaamuru watoto wakinge mvua kwenye kopo nyuma ya jiko la shule muhula mzima, wakaingiza vipimo kwenye jedwali, jedwali likazaa grafu. Wiki ya sita ilisimama juu kuliko zote, ndefu ajabu, na darasa likabishana siku mbili juu ya mawingu na pepo. Mwisho mpishi akakiri kwamba wiki ile alikuwa anamwaga humo maji ya kusuuzia sufuria. Mwalimu wa jiografia alikasirika, lakini Mama Kipanya aliinamia toroli akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ndiyo mara pekee nilimwona akicheka vile.

Kwa kawaida alikuwa amechoka. Hakuwa na ule uchovu wetu wa Ijumaa unaotibika kwa usingizi. Mara nyingine watoto wakiwa kazini, alisimama kando ya toroli, mikono nyuma, macho wazi, na alikuwa amelala. Watoto walijua. Walinong'ona mpaka azinduke, kisha wakajifanya hawakuona.

Sababu niliijua kwa bahati. Kila siku saa nne, kengele ya mapumziko ikilia, sisi tulikimbilia chai na yeye alikimbilia lango. Siku moja niligongana naye akirudi, anahema, mikono inanukia sabuni ya kufulia. Nikamtania, "Dada, unatoroka shule kama darasa la nane?"

"Namgeuza shemeji yako," alisema.

Mumewe alikuwa fundi mwashi, pande la mtu, na miaka mitatu nyuma alikuwa amepooza upande mzima wa kulia. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya shule, dakika nne kwa mwendo wa kukaza. Jirani, bibi wa miaka sabini, alishinda naye, akampa maji, akamfukuzia nzi, lakini kumwinua hakuweza. Kwa hiyo Mama Kipanya alimgeuza alfajiri, akamgeuza saa nne, akamgeuza mchana, akamgeuza jioni, na usiku ndiyo usiseme. Watoto wao wawili walikuwa wameolewa mbali.

"Nikikosa ile ya saa nne," aliniambia, "ngozi ya mgongo inaanza kufunguka. Ikishafunguka haifungiki." Kengele ikalia. Akaenda kuchukua toroli.

Kuna wiki moja mumewe alilazwa hospitali, na Mama Kipanya hakuja kazini siku tano. Ufunguo wa chumba cha toroli ulikuwa unaning'inia kwenye msumari pale pale katika chumba cha walimu, juu ya birika, kila mtu anauona. Toroli halikutoka. Niliwaambia wanafunzi wangu, "Wiki hii tunarudi kwenye misingi," nikashika chaki. Kupitia ukutani nikamsikia mwalimu wa jiografia akiwaambia wake, "Wiki hii tunarudi kwenye misingi." Tulikutana kwenye chai, tukatazamana, tukaongea habari za mpira. Hatukuweza kufundisha na zile mashine bila yeye, na hakuna aliyelisema hilo, hata kwa utani.

Muhula wa pili ofisi ya elimu ikaleta fomu. Haikuja kwa karatasi. Ilikuwa ndani ya mfumo wao, na kila mwalimu alitakiwa aijaze mwenyewe kwenye kompyuta. Mwalimu akiona swali anaona mtihani, na akiona mtihani anatafuta alama. Hilo ndilo kosa letu lote, na nadhani watu wa kazi nyingine wasingelifanya. Mpishi angeulizwa anahitaji wasaidizi wangapi, angesema wanne ili apate wawili. Sisi tulidhani tunasahihishwa.

Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuifungua ile fomu, Mama Kipanya alituita mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika alivuta kiti akakaa ubavuni mwangu, mikono nyuma ya mgongo. "Andika neno lako la siri. Taratibu. Sasa bonyeza hapo panapong'aa." Tukaenda swali kwa swali. Swali la tisa lilisema: Kwa wiki, unahitaji vipindi vingapi vya kusaidiwa na mwalimu wa kompyuta ili ufundishe somo lako?

Nilijua kwamba mwalimu wa hesabu ameandika sifuri, maana alikuwa amejitapa. Nilijua mkuu wa shule atayaona majibu. Nilifikiri, miaka ishirini na saba, halafu niandike kwamba nahitaji kushikwa mkono?

Nikaandika 0.

Alikuwa karibu nami kiasi cha kusikia pumzi yake. Akavaa miwani, akasoma, akaivua.

"Una uhakika, Mwalimu?"

"Nina uhakika."

"Haya. Sasa itume."

Nikatafuta mahali pa kutuma nisipaone. Nikahangaika juu, nikahangaika chini. Akanielekeza kwa kidevu. "Pale. Siyo pale. Chini yake." Nikatuma.

Wiki tano baadaye ilikuja barua. Walimu kumi na wawili, vipindi sifuri. Kwa kuwa shule imejitosheleza, nafasi ya mwalimu wa kompyuta imeondolewa, na mwenye nafasi anahamishiwa shule nyingine kuanzia mwezi unaofuata. Shule hiyo ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa basi. Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi jioni. Saa nne nani angemgeuza mumewe? Na mchana?

Nilimkuta anafuta vumbi kompyuta moja moja kwa kitambaa.

"Uliona," nilimwambia. "Ulikaa pale ukaona sote tunaandika sifuri."

"Niliona."

"Sasa dada, kwa nini hukusema? Ungenipiga hata kiwiko! Hatukujua kwamba ile fomu ni ya kukuondoa wewe."

"Mimi nilijua." Akachukua kompyuta nyingine. "Nilikuuliza kama una uhakika, ukasema unao. Ulitaka nikuandikie jibu? Miaka kumi na tisa, Bwana Insha, sijawahi kumwandikia mwanafunzi jibu."

Nilitoka pale nikaenda kusimama chooni, mtu mzima, nikajifunga ndani.

Kwa haki ya Mungu hatukukaa kimya. Mkuu wa shule, mtu mwema anayeogopa barua, alijikaza akapiga simu ofisini, akaambiwa kwamba fomu zinaweza kufunguliwa kwa siku saba kwa marekebisho, ila kila mwalimu arekebishe yake. Tulikusanyika baada ya masomo. Safari hii hakuna aliyejitapa. Mwalimu wa hesabu alikosea neno la siri mara tatu, mfumo ukamfungia nje. Mwalimu wa jiografia alifungua kurasa kumi na moja, zote za mwaka uliopita. Mimi skrini yangu iligeuka kijivu na ikabaki kijivu. Tulihangaika saa nzima, watu kumi na wawili tuliojitosheleza, mpaka mkuu akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, tumwite tu."

Alikuja kutoka nyumbani, mikono ya gauni imelowa mpaka kwenye viwiko. Akatuangalia. "Haya," alisema, "nani wa kwanza?"

Akatupitisha mmoja mmoja mpaka giza likakaribia. Hakugusa kitu. Katika swali la tisa niliandika vipindi vitano, yaani vyote. Chini palikuwa na nafasi ya sababu, nikaandika: Siwezi kufundisha kwa kompyuta bila mwenzangu huyu. Nilijifanya naweza. Bado naikumbuka aibu ile, ilikuwa ya moto. Akavaa miwani, akasoma.

"Umesahau kuweka tarehe," alisema.

Nikaweka tarehe. Wote kumi na wawili tukatuma, na tulipomaliza mwalimu wa hesabu alipiga makofi peke yake. Tulikwenda nyumbani na matumaini.

Jibu lilichukua siku tisa. Mkuu wa shule alitusomea chai ikiwa mezani. Ofisi ilikiri kupokea marekebisho ya walimu wote kumi na wawili. Yalijazwa kwa ukamilifu, ndani ya muda, bila kosa hata moja la mfumo, jambo ambalo halijatokea katika shule yoyote nyingine. Hii, barua ilisema, inathibitisha kwamba walimu wa shule yenu wana ujuzi wa kutosha wa kompyuta. Uhamisho unabaki kama ulivyo.

Akaisoma tena, kana kwamba kulikuwa na mstari alioruka. Mwalimu wa hesabu akaanza kucheka vibaya, akatoka nje. Mama Kipanya alinyoosha mkono akapewa barua, akaisoma mwenyewe, akaikunja mara mbili.

"Afadhali ningewaacha mkosee kidogo," alisema.

Chai ikapoa. Hakuna aliyeinuka. Basi nikasema, maana lazima mtu angesema, "Na shemeji, saa nne na mchana?"

"Bibi atajaribu."

"Bibi hawezi, na wewe unajua hawezi. Sisi tupo dakika nne kutoka pale, kila saa nne tumekaa hapa tunakunywa chai na kusengenya. Tunaweza kupeana zamu."

"Ni mzito. Na mna kazi zenu."

"Dada," alisema mwalimu wa jiografia, "tupange zamu, tafadhali."

Alitutazama kwa muda mrefu, sidhani kama alikuwa anatuamini, na kwa nini atuamini? Kisha akatoa kalamu, akageuza barua ya ofisi, na nyuma yake akachora ratiba. Aliniuliza bila kuinua kichwa kama aniweke Jumanne au Alhamisi.

Jumamosi ile tulikwenda wanne. Chumba kilikuwa safi, dirisha wazi, mwiko wa ujenzi umetundikwa ukutani. Yule bwana alikuwa amelala chali, macho makali, nusu ya mdomo inafanya kazi. Alitukagua mmoja mmoja kama tofali bovu. "Wanafunzi wenyewe," alimwambia mkewe, maneno yakitoka kwa shida, "wazee hivi?"

"Wagumu pia," alisema Mama Kipanya. Akaenda kusimama miguuni pa kitanda. "Bwana Insha, anza wewe."

Nikamshika yule bwana mkono nikauvuta.

"Siyo mkono. Ukivuta mkono, bega litachomoka."

Nikauachia. Nikashika bega, nikasukuma. Mtu yule hakusogea hata kidogo, ila alikunja uso na akameza maumivu yake kwa heshima ya mgeni. Jasho likanitoka. Nilimtazama Mama Kipanya nikitegemea kwamba atakuja, kwa kuwa yule ni mumewe, ni mwili aliougeuza yeye miaka mitatu, na mimi nilikuwa namuumiza. Mabega yake yalisogea mbele kidogo. Mikono ikabaki nyuma ya mgongo.

"Sijui," nilisema.

"Najua hujui. Goti kwanza. Likunje. Sasa weka mkono wako chini ya nyonga. Siyo hapo. Chini zaidi. Haya, mvute kwako, polepole, usiogope."

Nikalikunja goti, nikapitisha mkono, nikavuta. Akageuka. Mgongo wake ukaonekana, mpana, mkavu, hauna kidonda hata kimoja.

Wenzangu wakashusha pumzi. Mama Kipanya alivaa miwani yake, akautazama ule mgongo kutoka pale alipokuwa amesimama, kisha akanitazama mimi.

"Mrudishe alivyokuwa," alisema, "halafu ufanye tena."